Kwanza Umwendee

Bwana wetu Yesu Kristu, alipowafundisha wanafunzi wake namna ya kumrudi ndugu aliyekosa, hakuanza na hoja wala na ushahidi. Alianza na kazi ya miguu. Katika sura ya 18 ya Injili ya Mtakatifu Matayo twaona kwamba jambo la kwanza aliloamuru ni kwenda: aliyekosewa ainuke, amwendee mwenzake, wakae wawili peke yao, na hapo ndipo amwonye. Habari za kuwachukua mashahidi, na za kulipeleka shauri mbele ya Kanisa, zafuata baadaye, na zafuata tu ikiwa safari ile ya kwanza haikuzaa matunda.

Wakristu wanaokaa Kibiti na katika delta ya Rufiji wanaijua gharama ya amri hiyo kuliko wengi wetu. Huko mto Rufiji, kabla ya kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika kuwa mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kupita misitu yote ya namna yake iliyo mahali pamoja katika Afrika ya Mashariki. Mtu wa Kibiti mjini akitaka kumwona mwenziwe aliyeko upande wa Maparoni au Kiongoroni hana budi kutafuta chombo, tena aulize habari za maji. Maji yakipwa, vijito vyakauka na mtumbwi wakaa matopeni. Basi hungoja yajae. Katika kungoja huko hukaa kivulini, huzungumza na wavuvi, hukumbuka mema aliyotendewa na yule yule anayekwenda kumwonya. Na mara nyingi afikapo, lile neno kali alilotoka nalo nyumbani limekwisha kupungua nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo iliyo kweli.

Siku hizi hakuna haja ya kungoja maji. Neno huvuka mikoko kwa simu kabla mwenye kulisema hajameza mate. Nasi hatuilaumu simu, maana ni chombo chema: humwita mkunga usiku, humjulisha katekista kwamba padri amekwama njiani, huwakutanisha watoto walioko Dar es Salaam na wazee wao walioko mashambani. Twasema tu kwamba imetuondolea ile safari, na pamoja na safari imetuondolea mambo mengine ambayo hatukujua kwamba yalikuwamo ndani yake.

Tutunge mfano, na msomaji asimtafute jirani yake ndani ya mfano huu. Katika jumuiya moja ndogo kuna mwalimu, mtu wa bara, mwenye kuipenda sana heshima ya Altare. Kuna na mama mmoja muuguzi, naye mcha Mungu, ambaye tangu siku za ugonjwa wa korona amezoea kuipokea Komunyo Takatifu mkononi. Dominika moja mwalimu anamwona. Hamwambii neno mlangoni mwa kanisa. Usiku ule anatuma katika kundi la simu la jumuiya sauti ya mhubiri asiyejulikana ni nani wala ametumwa na nani, asemaye kwamba kila aipokeaye Komunyo mkononi anaukanyaga Mwili wa Bwana. Mama anajua maneno yale yamemlenga nani. Anajibu kwamba wapigao magoti mbele za watu ni Mafarisayo. Mtu wa tatu anaingia na habari za Baba Mtakatifu, wa nne na habari za Wakarismatiki, wa tano anacheka. Kufikia asubuhi kuna maneno sitini, na katika hayo sitini hamna hata moja la kusema „Tumsifu Yesu Kristu”. Juma lililofuata zamu ya sala ilikuwa nyumbani kwa yule mama. Walifika watatu.

Msomaji wa mjini, mwenye parokia yenye Misa tano kila Dominika, huenda akaliona jambo hilo kuwa dogo. Akumbuke kwamba katika nchi ya Rufiji wenyeji walio wengi ni Waislamu, na Wakatoliki ni wachache waliotawanyika: waalimu, wauguzi, watumishi wa serikali, wafanya biashara, na wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Padri hawezi kufika kila mahali kila Dominika. Palipo na jamaa kumi tu za Kikatoliki, jumuiya ndiyo Kanisa linaloonekana. Zikitoka jamaa tatu kwa hasira, hakuna jumuiya ya pili ya kukimbilia. Na jirani Mwislamu, ambaye hajui tofauti ya ulimi na mkono katika kupokea, anaona jambo moja tu: mwalimu hakufika kwenye msiba wa nyumba ya yule mama.

Tena Kibiti ni mahali palipokwisha kuonja uchungu wa kushukiana. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa huko, na siku moja tu, tarehe 13 Aprili 2017, walikufa askari polisi wanane. Hatulinganishi damu iliyomwagika na ugomvi wa maneno. Lakini waliokuwako siku zile wanajua kulitaja jina la mtu hadharani kulikuwa na uzito gani, na hawahitaji kufundishwa na mhariri.

Basi tuliangalie lile neno lenyewe walilogombania, maana si haki kuhubiri upole na kuiacha kweli gizani. Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, akiwafundisha wabatizwa wapya katika karne ya nne, aliwaelekeza kuufanya mkono wa kushoto kuwa kiti cha enzi cha mkono wa kuume, kwa kuwa unampokea Mfalme, na kuangalia sana kisipotee hata chembe. Karne zilizofuata, kwa ajili ya heshima na ya kuepuka hatari, Kanisa likazoea kumwekea mwamini ulimini, na desturi hiyo ikaota mizizi katika mioyo ya babu zetu. Mwezi wa Mei 1969 Roma iliisifu desturi hiyo ya ulimini, ikaagiza ihifadhiwe, lakini ikaweka njia ya kutoa ruhusa ya kupokea mkononi kule ambako maaskofu wangeiomba. Mwaka 2004, katika maagizo yaitwayo Redemptionis Sacramentum, ilisemwa wazi kwamba kila mwamini anayo haki siku zote ya kupokea ulimini; kwamba mkononi hupokelewa palipo na ruhusa, kwa uangalifu mkubwa, tena mbele ya mhudumu; na kwamba si halali kumnyima mtu Komunyo ati kwa sababu amepiga magoti au amesimama. Na tangu mwaka 2020, kwa ajili ya korona, waamini wa mahali pengi katika nchi yetu waliambiwa na wachungaji wao wapokee mkononi.

Kwa hiyo mwalimu wetu, kama angeuliza, angepata kujua kwamba mama hakufanya dhambi. Na mama, kama angeuliza, angepata kujua kwamba mwalimu anayo haki kamili ya kupiga magoti kwake, na kwamba nyuma ya magoti yale iko imani ya wazee wake. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya kweli mkononi, akaitupa kama jiwe.

Kuuliza ndiyo kazi ya unyenyekevu, na ndiyo inayotushinda. Wengi wetu hudhani unyenyekevu ni kuinamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo. La, katika mambo ya dini unyenyekevu ni kujua mamlaka yako yakoma wapi. Mbatizwa ana haki na wajibu wa kuishuhudia imani. Hakupewa kiti cha kuhukumu. Yako mambo ambayo Kanisa limeyatangaza kuwa ya imani, na juu ya hayo hakuna kujadiliana. Yako maagizo ya Kanisa, ambayo wenye mamlaka waliyaweka na wenye mamlaka waweza kuyabadili. Na yako mambo mengi zaidi, ya ibada na mazoea na namna za kusali, ambayo mtu huru huyachagua. Papa Yohane wa 23, katika barua yake Ad Petri Cathedram ya tarehe 29 Juni 1959, alilikumbuka neno la zamani lenye kudai umoja katika yale ya lazima, uhuru katika yale yasiyokatwa shauri, na mapendo katika yote. Ugomvi wetu mwingi huzaliwa pale tunapolichukua jambo la fungu la tatu na kulitetea kwa ukali unaofaa fungu la kwanza. Anayesali Rozari yake kimya kimya na anayeimba kwa kupiga makofi katika kundi la Karismatiki wote wawili wamo ndani ya nyumba, na askofu aliyewaruhusu wote wawili hajapoteza akili.

Lakini mtu atasema: Yako mabishano makubwa kuliko hayo, yanayogusa mafundisho yenyewe. Je, huko nako tunyamaze? Swali hilo ni la haki, na miaka michache iliyopita tulijibiwa kwa matendo.

Tarehe 18 Desemba 2023 Idara ya Mafundisho ya Imani mjini Roma ilitoa tamko liitwalo Fiducia Supplicans, kwa idhini ya Papa Fransisko. Lilisema kwamba mafundisho juu ya ndoa ya mwanamume na mwanamke hayabadiliki, lakini likafungua mlango wa baraka fupi, zisizo za liturujia, kwa watu wawili wawili wanaoishi katika hali zisizo halali, hata wale wa jinsia moja. Wasomaji wanakumbuka Noeli ya mwaka ule. Watu ambao hawakusoma hata ukurasa mmoja wa tamko lenyewe walimwita Baba Mtakatifu mzushi. Wengine, ambao nao hawakulisoma, waliwaita maaskofu wa Afrika waasi. Maneno hayo yalitumwa na Wakatoliki kwa Wakatoliki, yakasomwa na watoto wao.

Sasa tuangalie wachungaji walifanya nini. Mabaraza ya maaskofu ya Afrika yalieleza mawazo yao kwa maandishi. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, Rais wa Kongamano la Mabaraza ya Maaskofu wa Afrika na Madagaska, aliyakusanya, akapanda ndege, akaenda Roma. Alimwona Papa. Kwa agizo la Papa akakaa na Kardinali Fernández, yule yule aliyelitia sahihi tamko, wakalipitia shauri pamoja. Tarehe 11 Januari 2024 ikatoka barua ya Kardinali Ambongo, kwa makubaliano ya Papa na ya Kardinali Fernández, ikisema kwamba maaskofu wa Afrika kwa jumla hawaoni kwamba yafaa kutoa baraka hizo kwa watu wa jinsia moja, kila askofu akibaki huru katika jimbo lake, na kwamba wanaendelea katika ushirika na Halifa wa Petro. Haikuwapo lugha ya kutukana. Wala hakuna aliyeificha imani yake. Neno lililokuwa gumu lilisemwa, na lilisemwa kwa mtu aliyepaswa kuambiwa.

Mtume Paulo naye alipompinga Petro kule Antiokia, kama asimuliavyo katika barua kwa Wagalatia, alimpinga usoni pake. Wapenda ugomvi huutaja sana mfano huo, nao hulisahau neno hilo moja: usoni.

Na kwa kuwa tumemtaja Paulo na Petro, tuseme habari ya watakatifu wawili waliogombana juu ya maneno hayo hayo ya Wagalatia. Habari yao ni ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita, lakini atakayeisoma atadhani ilitokea jana katika kundi la simu. Mtakatifu Augustino alikuwa padri kijana huko Hippo, katika Afrika ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Algeria. Mtakatifu Yeronimo, mzee wake kwa umri, alikaa Betlehemu, bingwa wa Maandiko. Yeronimo alikuwa ameandika kwamba ugomvi wa Antiokia haukuwa wa kweli, bali mitume wale wawili walijifanya tu kugombana ili kuwafundisha wengine. Augustino aliona hatari: tukikubali kwamba Maandiko Matakatifu yana uwongo wa namna hiyo, nini kitabaki? Akamwandikia, yapata mwaka 395. Mchukuzi wa barua akachaguliwa kuwa askofu kabla ya kusafiri, kisha akafa. Augustino akaandika tena. Mchukuzi wa pili akaogopa bahari, hakuenda. Lakini barua haikukaa kimya. Nakala zake zikanakiliwa, zikasomwa Roma, na shemasi mmoja aliiona katika kisiwa cha bahari ya Adria. Watu wengi wakaisoma isipokuwa yule mmoja aliyeandikiwa. Yeronimo akasikia uvumi kwamba kijana wa Afrika ametunga kitabu kizima dhidi yake na kukipeleka Roma, ili apate sifa kwa kumpiga mzee.

Yeronimo alikuwa mtu wa hasira, na watakatifu nao wana tabia zao. Hata hivyo alifanya jambo la busara kabla ya kujibu: alimwandikia Augustino amwulize kama barua ile ni yake kweli, na kama ni yake, ampelekee nakala yenye sahihi. Ni wangapi kati yetu waliokwisha kumpigia mtu simu na kumwuliza, „Je, maneno haya yanayozunguka ni yako kweli?”

Augustino naye, aliyekuwa amekwisha kufanywa askofu, alihuzunika. Aliapa kwamba hakutunga kitabu cho chote dhidi ya Yeronimo. Aliomba msamaha kama amemjeruhi. Lakini hakuiacha hoja yake, maana aliamini kwamba ni kweli, nayo kwa hakika ilikuwa na nguvu. Katika barua ndefu ya mwaka 405 hivi alieleza upya kila neno. Na humo humo akakiri kwamba, ingawa kwa cheo cha Kanisa askofu humpita padri, katika mambo mengi Augustino ni mdogo kwa Yeronimo. Askofu amwambia padri hivyo, katikati ya mabishano! Hawakupata kuonana kwa macho hata siku moja. Lakini miaka kumi baadaye, uzushi wa Pelagio ulipozuka, walikuwa wakiandikiana kama wenzi wa kazi moja, na Augustino alipata kusema kwamba katika maandishi yake ya mwisho Yeronimo alilifafanua lile fungu la Wagalatia kama Augustino alivyolifafanua. Ilichukua miaka ishirini.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, aweka kanuni ambayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki imeitaja katika namba 2478. Mkristu mwema, asema, huwa mwepesi wa kulipa neno la mwenzake maana njema kuliko kulihukumu. Asipoweza, humwuliza alikuwa na maana gani. Na yule akiwa amekosa kweli, humsahihisha kwa mapendo. Angalieni mpango wake: kusahihisha kumo, lakini ni kwa tatu. Katika simu sisi huanza na la tatu, na mara nyingi mapendo hatukuyatia.

Ninyi wazazi, jambo hili lawahusu kupita wote. Mtoto hajifunzi imani katika katekisimu tu. Huketi mkekani saa ya chakula, baba akisoma katika simu yale aliyojibiwa na mwenyekiti wa jumuiya, mama akiguna, wote wawili wakimcheka padri mgeni kwa namna anavyoadhimisha Misa. Mtoto hajui kanuni za liturujia. Ajifunzalo ni kwamba mambo matakatifu ni vitu vya kushindania. Akifika umri wa miaka kumi na minane akaacha kusali, tusishangae sana tukamlaumu mjini.

Je, mwalimu wetu afanye nini sasa, kama kungekuwa na mwalimu? Alichokituma hawezi kukirudisha, lakini aweza kuwaambia wale wale waliokisikia kwamba hakikuwa na uhakika, maana sifa ya mtu iliyoharibiwa mbele ya watu hairudishwi kwa siri. Hayo ni malipizi, na malipizi ni wajibu wa haki kabla hayajawa tendo la mapendo. Kisha aende. Apige hodi, aseme „Tumsifu Yesu Kristu”, angoje aitikiwe „Milele na milele, amina”, akae. Na mama asimwambie kwamba amechelewa.

Na kama atakwenda asisikilizwe? Bwana alilijua hilo pia. Amchukue mmoja au wawili, katekista na mtu mzima mwenye heshima, si kundi lote. Ikishindikana, shauri liende kwa paroko, na likifika huko wote wawili waliache kwake. Wako wapendao kurukia lile neno la mwisho la fungu hilo, kwamba asiyelisikiliza hata Kanisa awe kwetu kama mtoza ushuru, nao hulitumia kama ruhusa ya kumwondoa mtu katika kundi na kukataa salamu yake gatini Nyamisati. Wasome sura ya tisa ya Injili hiyo hiyo. Matayo aliyeyaandika maneno hayo alikuwa mtoza ushuru mwenyewe. Bwana alimkuta ameketi penye kazi yake ya ushuru, akamwita, kisha akaingia nyumbani akala chakula pamoja na watoza ushuru wenzake.